Babu alipigana Burma (Myanmar ya leo), kaacha medali nne hazina jina. Nitajuaje alifika wapi na alifanya nini?

Mjukuu wa Ismani:

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada kwa yeyote anayejua mambo ya medali za vita vya zamani, hasa za wazee wetu waliokuwa Keya (K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki).

Babu yangu mzaa baba alifariki nikiwa darasa la tano. Bibi naye tumemzika mwaka huu, na siku ya kugawa vitu wazee wakasema sanduku la bati nichukue mimi kwa kuwa ndiye niliyepewa jina la babu. Nimekaa nalo wiki mbili sijalifungua, naogopa tu, hata sijui naogopa nini. Jumapili nikalifungua. Kuna kabuti la jeshi limeliwa na nondo, mkanda, karatasi zimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni (hizo bado sijazigusa maana zinakatika ukizishika), na kitambaa cheupe kimefungwa fundo gumu mpaka nikalegeza kwa meno. Ndani ya fundo medali nne.

Mbili ni nyota za rangi ya shaba, zina ncha sita, katikati kuna taji na herufi GRI na VI. Moja imeandikwa THE 1939-1945 STAR, nyingine THE BURMA STAR. Mbili zingine ni za duara, nyeupe kama sarafu za zamani, mbele kichwa cha mfalme, nyuma moja ina simba wawili na mti katikati, nyingine simba kasimama juu ya joka la vichwa viwili. Tatu zina tepe zake japo zimefifia. Ile ya Burma utepe wake haupo, mtu kashona kipande cha kanga mahali pake, mshono wa mkono, mdogo mdogo, umekaa imara mpaka leo.

Sasa shida yangu. Nimezigeuza zote nne, nimeangalia ukingoni kwa miwani ya baba na tochi ya simu, hakuna jina wala namba. Kuna jamaa huku mjini ananunua sarafu na vitu vya kale, nikamwonyesha picha, akasema medali isiyo na jina ni kipande cha chuma tu, inaweza kuwa ya mtu yeyote, babu yako anaweza hata kuwa aliinunua, nikupe hela kidogo tumalizane. Nikaondoka. Ila maneno yake yamenikaa kichwani mpaka usiku silali vizuri.

Tunachojua nyumbani ni kidogo sana. Babu alikuwa anasema "Bama", kwamba alikuwa Bama kwa Wajapani. Akihesabu magunia anahesabu ek, do, tin, char. Akilewa ulanzi (pombe ya mianzi) kidogo anataja matope ya Kabo, "nyie hamjui matope, matope ni ya Kabo", na sisi tukawa tunadhani Kabo ni mtu alikuwa na shamba lenye matope. Na alikuwa na maksai wa kulimia anaitwa Kalewa, tukajua ni kwa sababu ya kuyumba kwenye mfereji wa plau kama mlevi. Basi, ndiyo historia yote hiyo, mtu kaenda vitani dunia ya mbali karudi, wajukuu tumebaki na ng'ombe mlevi.

Naomba kujua: je ni kweli hizi ni zake? Zinasema nini kuhusu alichofanya? Na je kuna nyingine zilitakiwa kuwepo zikapotea?

Afande Mstaafu:

Mjukuu pole na msiba wa bibi. Kwanza usiuze. Pili huyo mnunuzi kasema nusu ya ukweli kwa faida yake, ngoja nikupe nusu nyingine.

Nimekaa jeshini miaka 24 na nikiwa kijana nilikuwa kambi ya Lugalo, Dar, ndipo nilipoanza kufuatilia mambo ya Keya kwa sababu kambi ile zamani ilikuwa inaitwa Colito. Watu wengi wanapita pale hawajui. Colito ni sehemu ya Ethiopia ambako batalioni ya 6 ya Keya, yaani batalioni ya Tanganyika, ilipigana na Waitaliano mwezi wa tano 1941. Batalioni hiyohiyo ikaja kuwa Tanganyika Rifles, na baada ya maasi ya Januari 1964 kambi ikapewa jina la Lugalo, kule Iringa chifu Mkwawa alikowapiga Wajerumani 1891. Kwa hiyo wewe mtu wa Iringa na babu yako wa Keya wote mmo kwenye lile geti.

Turudi kwenye medali. Uingereza ilipotoa medali za vita ya pili iliamua kutochapa majina, hata askari wa kizungu wa London alipewa nyota yake bila jina. Kwa hiyo kukosa jina hakumaanishi si ya babu, ingekuwa na jina la kuchorwa ndiyo ningeanza kuuliza maswali. Medali zilizokuwa na jina na namba ukingoni ni za ushujaa, au zile za kampeni nyingine kabla na baada ya vita ile. Jamaa wa sarafu analijua hili, na ndiyo sababu bei yake sokoni ni ndogo, zilitolewa nyingi na zinafanana. Ila wewe hutafuti bei.

Hizo nne ukizisoma pamoja zinaongea. Nyota ya 1939-1945 ni ya aliyehudumu kwenye eneo la mapigano. Nyota ya Burma ni ya aliyeingia kikazi Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, hiyo huipati kwa kukaa kambini Dar. Hiyo yenye simba wawili na mti ni Defence Medal, ilitolewa kwa waliotumikia muda mrefu nje ya kwao bila kuwa mstari wa mbele, na nitakuambia kwa babu yako muda huo inawezekana aliutumia wapi. Ya simba na joka ni War Medal, hiyo walipewa wote.

Sasa angalia ambayo HAIPO. Hakuna Africa Star. Nyota hiyo kwa upande wetu huku ilikuwa ya waliopigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, na hesabu yake inaishia siku mji wa Gondar huko Ethiopia ulipoanguka, tarehe 27 Novemba 1941. Kama fundo halikufunguliwa na mtu kabla yako basi babu aliingia jeshini baada ya hapo, au alikuwa bado yuko mafunzoni. Mimi ningeanza kutafuta kuanzia 1942. Unaona? Nyota ambayo haikuwepo imekupa mwaka.

Kuanzia hapo njia inajulikana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943, alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Katikati ya 1943 wakapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa meli kutoka Mombasa, wakakaa karibu mwaka mzima wanafundishwa vita ya msituni. Huo ndio muda unaoweza kueleza ile Defence Medal, na ek do tin char, yaani moja hadi nne kwa Kihindi, kaianzia hukohuko au India. Katikati ya 1944 wakapelekwa Imphal, mpakani mwa India na Burma, Wajapani wakiwa wameshapigwa pale wanarudi nyuma. Kazi ya divisheni ikawa kuwafuata. Mwezi wa nane wakaanza kushuka kutoka mji mmoja wa mpakani unaoitwa Tamu kuelekea kusini, kwenye bonde linaloitwa Kabaw.

Kabaw, mjukuu. Ndiyo "Kabo" ya babu yako.

Na matope hakutia chumvi. Huo ulikuwa msimu wa masika ya kule, mvua haikati. Makamanda wengine waliona haiwezekani jeshi kupita Kabaw wakati wa mvua, ndiyo maana wakapelekwa hawa wa kwetu, kwa imani kwamba Mwafrika anavumilia msitu na malaria. Barabara iligeuka uji, wakawa wanakata magogo na kuyalaza ili magari yapite, na pale magari yaliposhindwa wanabeba. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege. Ruba, malaria, na ile taifasi ya vichakani inayoletwa na utitiri. Kila mtu anamezeshwa vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria mpaka ngozi na macho yanakuwa ya njano. Walitembea hivyo wakipigana kutoka mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, walipokutana na divisheni ya 5 ya Wahindi mahali panaitwa Kalemyo. Kutoka hapo wakapita kwenye korongo la mto Myittha, Wajapani wako juu kwenye vilima wanawamiminia risasi, mpaka tarehe 2 Desemba 1944 wakauchukua mji ulioko kwenye mto mkubwa wa Chindwin.

Mji huo unaitwa Kalewa.

Nimeandika hapa nikasimama kidogo maana nilivyosoma habari ya maksai wako nilisisimka mwili. Yule ng'ombe hakuitwa hivyo kwa kuyumba.

Pale Kalewa wahandisi wakajenga daraja la kuunga la vyuma, futi 1,154, zaidi ya mita 350, kwa wakati huo hakukuwa na la aina hiyo refu zaidi duniani, na jeshi la Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza huko Burma, likavukia hapo kwenda kuikomboa Burma yote. Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika mwanzoni mwa 1945, kazi yao ilikuwa kufungua mlango na waliufungua.

Jambo la mwisho, na hili ni muhimu kwa swali lako la pili. Nyota ya Burma haisemi alifanya nini. Slim alipewa nyota hiyohiyo, mpishi hiyohiyo, dereva, mchunga nyumbu, mpiga bunduki, wote kipande kimoja cha shaba. Kazi yake iko kwenye karatasi. Fungua ule mfuko wa nailoni, ila usikunjue karatasi kavu kwa nguvu, ziache siku mbili sehemu yenye unyevunyevu kidogo zilainike, halafu fungua polepole juu ya kitambaa. Tafuta neno K.A.R. na namba iliyo mbele yake.

Mwana wa Ukambani:

Habari zenu kutoka Machakos. Mjukuu, shikilia hizo medali kabisa, usikubali mtu akudanganye.

Babu yangu pia alikuwa Keya, yeye aliingia mapema kwa hivyo ako na ile Africa Star afande ameongelea, na ya Burma pia. Kwetu Ukambani wakati ule karibu kila boma ilikuwa na kijana jeshini. Lakini nataka kuongea juu ya medali yake moja ambayo ina jina, kwa sababu afande amesema kuna zenye jina na mimi nimeishika kwa mkono.

Hiyo ni ya fedha, iko na kichwa cha Malkia Elizabeth, utepe wa manjano na nyeusi na mistari ya kijani, na juu ya utepe kuna kijibamba kimeandikwa KENYA. Ukiigeuza kwa ukingo unaona namba yake, cheo chake, jina lake, K.A.R. Hii ilitolewa kwa waliotumwa kupigana na Mau Mau kuanzia Oktoba 1952. Yaani babu alirudi kutoka Burma, akakaa nyumbani kidogo, akaona hakuna kazi, akarudi jeshi, na hii mara ya pili adui alikuwa jirani yake.

Nimeandika na kufuta hii paragrafu mara kadhaa. Zile nyota mbili za shaba babu alikuwa anazivaa sikukuu, anazipaka majivu zinang'aa, anaenda nazo hadi kanisa. Ile ya fedha sikuwahi kuiona kifuani kwake hata siku moja. Tuliipata baada ya yeye kufariki ndani ya mkebe wa majani ya chai, imefungwa kwa gazeti, na shosho (bibi) aliposikia tumeipata alisema tu "rudisheni". Kwa hivyo ile moja serikali iliandika jina lake ndiyo yeye hakuitaka, na zile hazina jina ndizo alizihesabu kuwa zake.

Na mkumbuke Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, pia yeye alikuwa koplo wa Keya huko Burma. Na alikuwa batalioni ya 36, batalioni ya Tanganyika, hata kama ni Mkikuyu. Yeye na babu yangu walikuwa upande mmoja wakipigana na Mjapani, miaka minane tu baadaye mmoja ako msituni Mlima Kenya na mwingine ametumwa kumtafuta. Babu hakuwahi kutuambia aliona nini wakati huo. Ya Burma alituambia yote, mpaka vile Wajapani walikuwa wanaita usiku ili mtu apige risasi ajulikane ako wapi.

Mjukuu wa Ismani:

Wakuu nimesoma haya nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Afande, Mwenyezi Mungu akubariki. Nimempigia baba saa ileile nikamwambia Kalewa ni mji, akanyamaza muda mrefu sana nikadhani simu imekatika.

Karatasi nimezifungua kama ulivyoelekeza, nimeziweka karibu na mtungi wa maji siku mbili zikalainika. Moja ndiyo yenyewe, cheti cha kuachishwa jeshi, kimechanika kwenye mikunjo lakini kinasomeka. Kaingia Machi 1942 Iringa. Kaachishwa 1946. Batalioni imeandikwa 36 K.A.R.! Mwana wa Ukambani, ni hiyohiyo uliyoitaja. Cheo lansi koplo. Kwenye tabia wameandika nzuri sana. Na kwenye mstari wa kazi imeandikwa kwa Kiingereza, nimemwonyesha mwalimu wa sekondari hapa jirani ili nisikosee, akasema hii ni mbeba machela. Alikuwa anabeba majeruhi.

Hapo nimekumbuka kitu. Babu kwenye misiba ya kijijini alikuwa mkali sana jeneza likibebwa. Hakubali watu washike ovyo. Anawapanga kwanza kwa urefu, mfupi na mfupi, mrefu na mrefu, halafu anawaambia waanze na mguu tofauti, wa mbele kulia wa nyuma kushoto, ili mzigo usiyumbe. Watu walikuwa wananung'unika kwamba mzee anachelewesha mazishi. Mimi mwenyewe niliona, nilikuwa mdogo, nilidhani ni mila.

Afande Mstaafu:

Hiyo ndiyo machela hasa. Ukibeba na hatua ikafanana mgonjwa anarushwa juu na chini kila mkitembea, mwenye mfupa uliovunjika atapiga kelele mpaka azimie. Tulifundishwa hivyohivyo.

Fikiria sasa lile bonde, matope ya magotini, watu wanne chini ya machela moja, gari haliwezi kufika, na mbeba machela hawezi kujificha wala kulala chini kwa sababu ana mtu begani. Tena wagonjwa wa malaria na taifasi nao wanabebwa, si wa risasi peke yao. Sina la kuongeza juu ya swali lako la alifanya nini.

Kuhusu namba 36, isome tarakimu mojamoja, tatu halafu sita. Ni batalioni ya tatu kutoka ubavuni mwa ile mama ya 6, ya Tanganyika. Ndivyo Keya walivyohesabu walipozidi kuwa wengi, 26 ni ya pili ya sita, 46 ya nne ya sita, zote za Tanganyika, na 34 ni ya tatu ya nne, hao Waganda. Ya babu yako ilikuwa brigedi ya 26 ndani ya ile divisheni ya kifaru. Shajara za vita za vikosi vilivyokuwa Burma zipo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, kundi linaitwa WO 172. Ukimpata ndugu aliyeko London mwombe akapige picha za 36 KAR kuanzia Agosti mpaka Desemba 1944. Usitegemee kuona jina la babu, mara nyingi wanaoandikwa majina ni maofisa, askari wanaandikwa kwa idadi. Lakini utajua kila siku batalioni ililala wapi, na mbeba machela alilala palepale.

Binti wa Tanga:

Naomba niongeze jambo kwa sababu uzi huu umenigusa. Sisi kwetu hatuna medali hata moja, tuna ukuta.

Kaka yake bibi alikuwa kwenye mizinga, kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Mombasa kwenye meli inaitwa Khedive Ismail kwenda Ceylon, kwa njia ileile afande aliyosema. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama ndani ya dakika mbili tu. Walikuwemo zaidi ya watu 1,500 na waliokufa ni karibu 1,300, wengi wao wa kikosi hichohicho, wengine wauguzi wanawake. Waliopona ni 214 peke yao. Manowari za ulinzi zikaizamisha ile nyambizi palepale, lakini vijana walishaenda chini.

Bibi alikuwa anasema barua ilisomwa na mwalimu wa kijiji, mama yao akauliza swali moja tu, "kaburi liko wapi?", na hakuna aliyeweza kumjibu.

Mwaka juzi nilikuwa Nairobi kwa semina, nikaenda makaburi ya vita ya Ngong Road. Ndani kuna mnara wa wale wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana. Nimezunguka na kidole kwenye majina, mengine yameandikwa kizungu kweli mpaka unalisoma kwa sauti ndipo unalitambua. Nikalipata. Herufi moja wamekosea. Nikapiga picha, nikamrekodia bibi na sauti nikilisoma kama linavyotamkwa kwetu. Bibi yuko hai, ana miaka inayokaribia mia, alishika simu sikioni akarudia rekodi ile mpaka chaji ikaisha. Kwa hiyo mjukuu kama una ndugu mwingine wa babu aliyekwenda asirudi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina unaweza kutafuta bure mtandaoni, na kwa waliopotelea Burma bila kaburi majina yao, karibu 27,000, yapo kwenye mnara wa Taukkyan karibu na Rangoon, wetu wamo. Jaribu tahajia tatu nne tofauti usikate tamaa mapema.

Jingine ambalo linaniuma, waliorudi nao hawakulipwa sawa. Kiinua mgongo cha kumaliza vita Mwafrika alipewa hadi mara tatu pungufu ya mzungu wa cheo kilekile, kwa vita ileile, na matope yaleyale. Tanganyika peke yake ilitoa watu karibu 87,000. Kina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walitoka Burma wakaja kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU 1954, mimi huwa nasema hasira ile ilianzia kwenye foleni ya malipo.

Mjukuu wa Ismani:

Binti wa Tanga umenitoa machozi, mfikishie bibi salamu na shikamoo yangu.

Baba anasema babu baada ya kurudi alikwenda Kongwa kwenye ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, 1947, walikuwa wanapenda kuchukua waliotoka jeshini. Ulipokufa mradi akarudi Ismani kulima mahindi. Hela ya Kongwa ndiyo iliyonunua plau na maksai. Sijui kama alipewa kiinua mgongo, hakuna karatasi yake kwenye sanduku.

Jana nimekwenda kwa shangazi mkubwa, ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka enzi zile, nikamsomea mlichoandika chote kutoka kwenye simu. Ile kanga kwenye nyota ya Burma kaitambua kabla sijamaliza kuuliza. Anasema utepe uliliwa na panya, babu akakasirika siku tatu haongei na mtu, bibi akakata pindo la kanga yake mpya akakaa chini akashona. Shangazi ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano.

Halafu nikamwambia habari ya Kalewa, kwamba ni mji, na babu alifika huko Desemba 1944 akitokea Tamu na machela begani. Akanishika mkono. Akaniuliza "akitokea wapi?" Nikarudia, Tamu, ni mji wa mpakani, ndiko walikoanzia. Akasema mwanangu, maksai anafungwa nira na mwenzake, Kalewa hakuwa analima peke yake. Yule wa kushoto alikuwa Kalewa. Wa kulia alikuwa anaitwa Tamu. Sisi tulikuwa tunacheka, tunasema baba kawapa ng'ombe majina ya ulanzi, ukiwa mtamu umekulewesha. Na yeye anatembea nyuma ya plau anaita, Tamu, Kalewa, Tamu, Kalewa, kutoka asubuhi mpaka jua kali, na hakuna siku aliyotueleza.